Mjadala: Je, 17 Agosti iwe siku ya kila mwaka ya kukumbuka vita vya Lugalo?

Ukimtajia mkazi wa Dar es Salaam jina la Lugalo, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni kambi ya jeshi na hospitali yake. Lugalo yenyewe iko Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na hapo ndipo wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipokiteketeza kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, tarehe 17 Agosti 1891. Wapo wanaotaka siku hiyo itengwe rasmi kwa kumbukumbu kila mwaka, na wapo wanaopinga. Mimi naunga mkono, ila kwa sharti moja.

Wanaosema kwamba Siku ya Mashujaa, 25 Julai, inatosha, wawatazame wenzetu wa Songea. Kila Februari wanawakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, wala hakuna ofisi nchini inayofungwa kwa sababu hiyo. Lugalo haihitaji zaidi ya hapo.

Hoja nzito ni ile inayosema kwamba hii ni historia ya Wahehe peke yao, na kwamba kuitukuza ni kutonesha vidonda vya majirani. Hoja hii nimeisikia kwa watu wazima ninaowaheshimu, na sidhani ni haki kuipuuza. Dola aliyoijenga Munyigumba na kurithiwa na mwanawe Mkwawa ilikua kwa kuwapiga majirani. Wasangu walisukumwa nje ya nchi yao, na mtemi wao Merere akashirikiana na Wajerumani ili airudie. Mtu wa Usangu akikuambia kwamba ushindi wa Lugalo haukuwa ushindi wa babu yake, amesema kweli, na sherehe yoyote itakayomnyamazisha itakuwa imeanza vibaya.

Hata hivyo, tumtazame aliyeuawa pale. Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani mjini Pangani mwaka 1888, na ubabe wake huko ulichangia kuwasha vita vya pwani vilivyoongozwa na Bushiri bin Salim. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Miaka miwili haijatimia, mtu yuleyule anapanda nyanda za juu akichoma vijiji njiani. Kwa hiyo watu wa Pangani wana sehemu yao katika habari ya Lugalo, na ninashangaa kwamba shuleni tulifundishwa vita hivi viwili katika sura mbalimbali kana kwamba havikujuana.

Sasa sharti langu. Vita vile vilidumu dakika chache tu, kwa sababu kikosi kilikuwa kikitembea kwa mstari mrefu na Wahehe walikuwa wamejificha vichakani hadi ishara ilipotolewa. Walikufa Wazungu 10, askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Wahehe nao walipoteza watu wengi, wengine papo hapo, wengine baadaye kwa majeraha. Askari wale wengi wao walikuwa Wasudani na watu walioajiriwa Msumbiji, na wapagazi walikuwa Waafrika waliojitwika mizigo ya watu wengine kwa ujira. Mpagazi mwenye mzigo kichwani hana hata mkono wa kujikinga na mkuki. Nikisimama pale barabarani, mabasi yakipita kwa kasi kuelekea Dar es Salaam, nauona mnara ambao Wajerumani waliujenga kwa ajili ya Zelewski na wenzake, na kila mara ninajiuliza wapagazi wale wanakumbukwa wapi, na nani.

Ndiyo maana ninasema siku hiyo iwe ya waliokufa wote. Isiwe ya ngoma za ushindi tu, ingawa ushindi ulikuwepo na hatuna sababu ya kuuonea haya: ni nadra sana katika miaka ile jeshi la kikoloni kupigwa kiasi kile na watu waliotegemea zaidi mikuki. Wazee wa Kalenga, palipokuwa makao makuu ya Mkwawa, waongoze, wazee wa Usangu waalikwe na wapewe nafasi ya kusema yao, na ujumbe kutoka Pangani uwepo. Kisha liwekwe pale jiwe kwa ajili ya wapagazi, hata kama majina yao hayatajulikana.

Jambo ambalo bado sijalimaliza moyoni ni nani aiandae. Wizara ikiishika, naogopa itageuka jukwaa la hotuba za viongozi. Ikiachiwa familia ya Mkwawa peke yake, majirani watasema ni tambiko la nyumba moja. Mimi naelemea kwenye halmashauri ya wilaya pamoja na shule zilizo karibu na Lugalo, lakini ningependa kusikia kwanza kutoka kwa watu wa Iringa, na hasa kutoka kwa wale wa Usangu.