Mipira ya kuzimia moto: turubai au raba?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, shikamooni. Nipo kikosi cha zimamoto cha kiwanda huku Tanga, karibu kabisa na bahari. Juzi kwenye mazoezi mpira mmoja wa turubai, wa kipenyo cha milimita 65, ulipasuka kwa presha ya baa 8 tu. Kijana wangu aliteleza akaumia goti, na mpaka leo roho inaniuma. Bosi amekubali tununue mipya. Muuzaji anasema ya raba haiozi. Niamini?

Mzee_wa_Pampu:
Marahaba, na pole kwa kijana. Nimeendesha pampu miaka 22. Muulize huyo muuzaji: raba gani? Kinachobeba presha ni kitambaa kilichofumwa ndani. Raba inakilinda tu. Chukua ile ambayo raba imeshindiliwa ikapenya kwenye nyuzi, ndani na nje vikawa kitu kimoja. Iliyobandikwa kwa gundi huweza kubanduka ndani na kuziba maji. Na kama kiwandani kuna dizeli au oili, sisitiza raba ya naitrili. Raba aina ya EPDM inavumilia jua vizuri sana, lakini oili huivimbisha.

Fundi_Kiungio:
Uzito nao muufikirie. Mpira wa 65 wenye mita 30 ukijaa hubeba karibu lita 100 za maji. Wa 45 ni kama lita 48. Ngazini chukueni wa 45, msiwatese vijana.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni. Mzee, mpira ule ulipasukia kwenye mkunjo. Tangu mwaka jana ulikuwa umekunjwa vilevile kwenye gari.

Mzee_wa_Pampu:
Basi hapo ndipo palipouua, mwanangu, na wa raba nao utakufia hivyohivyo. Hamisheni mikunjo kila baada ya miezi michache. Mkivuta maji ya bahari, suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, hata viungio, chumvi inavitafuna. Raba mtaifuta kwa kitambaa na kuirudisha garini siku hiyohiyo. Turubai lazima ining'inie mpaka ikauke, na kwa unyevu wa Tanga unajua mwenyewe. Kila mpira upe namba na ukurasa wake daftarini, upimwe kwa presha kila mwaka, watu wakae mbali.

Huo uliopasuka usiutupe. Kateni vipande, mvitandike chini ya mipira mipya inapopita kwenye kingo za zege.