Pikapu mnazitosa baharini kuvuta boti, injini ikifa mnamlaumu fundi

Dizeli Kongwe:

Assalamu alaykum. Uzi huu ni wa lawama, anayetaka maneno matamu apite.

Nyie wenye pikapu za dizeli za kuvuta tela, Hilux na Land Cruiser zilizokwishapita kilomita laki tatu, mnatia hasira. Gari inashuka Nungwi kupandisha boti wakati wa bamvua, inakokota tani moja na nusu mchangani kwa gia ya kwanza, injini inaunguruma na gari haina mwendo wa kupeleka upepo kwenye rejeta. Kisha mwenyewe anakwambia, "Oili bado, haijafika elfu kumi." Elfu kumi ya nani? Hiyo ni hesabu ya gari ya kwendea kazini na kurudi. Kwa gari ya tela, oili ni kila kilomita 5,000, na filta yake, bila ya mjadala.

Na hapo kwenye oili pana uhuni mwengine. Injini ya 1KD, ile D-4D ya lita 3.0, inachukua karibu lita 7 ukibadilisha pamoja na filta. Bosi ananunua dumu moja la lita 5, anampa dereva, "Litatosha hilo." Halitoshi! Gereji wanajazia mabaki ya gari nyengine, haijulikani ni ya petroli au ya nini, na gari inatoka. Nunueni dumu na lita mbili juu yake, 15W-40 iliyoandikwa CI-4, yaani daraja la oili ya dizeli. Mkimaliza, washeni injini kidogo, zimeni, subirini dakika tano, ndipo mpime kwa kijiti gari ikiwa pahala pa sawa. Si kwenye mteremko wa diko.

1KD hiyo hiyo ina ugonjwa wake maarufu, na bado watu wanaufumbia macho. Washa, yaani pete za shaba, chini ya nozeli zinazopuliza dizeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya kuingia kwenye kava la valvu na kuipika oili mpaka inakuwa masizi magumu. Masizi yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, yanaziba wavu wa pampu ya oili. Injini inakufa kwa kiu huku kijiti kinaonesha imejaa! Ndiyo maana mtu anaapa "oili ilikuwemo, wallahi", na kweli ilikuwemo, ila ilikuwa haipandi. Dalili hazijifichi: taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi, panasikika mlio wa "chaf-chaf" juu ya injini, na ndani ya kifuniko cha oili pana utando mweusi kama lami. Dawa ni washa mpya zote nne, viti vya nozeli visafishwe, boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, na sampu ishushwe wavu uangaliwe. Washa kuukuu hairudishwi, hata fundi akikwambia bado nzima.

Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu: injini ya 1KD ni kilomita 150,000, injini za 5L na 1HZ ni 100,000. Lakini kilomita gani mnazihesabu? Gari imeshushwa bandarini ikionesha 90,000, pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'ara, na mtu anaamini dashibodi. Kama huna karatasi ya lini ulibadilishwa, badilisha sasa, na tensheni na roli yake. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Halafu maji ya kisima kwenye rejeta. Visima vyetu vimo ndani ya mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, na vya pwani vina chumvi juu yake. Birika la chai nyumbani mnaliona lilivyoganda ukoko mweupe. Mnadhani mirija ya rejeta inasalimika vipi? Tieni kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Mfuniko wa rejeta uliolegea mpira nao ni wa kutupa, maana bila ya mbano maji yanachemka mapema. Hedi za injini za 2L na 3L zinapasuka kwa joto, kila fundi anajua hilo.

ZURA, wanaopanga bei ya mafuta Zanzibar, wakipandisha bei ya dizeli ni kelele mwezi mzima. Kufungua koki chini ya filta ya dizeli na kumwaga maji kila wiki, kazi ya dakika mbili, hakuna anayekumbuka.

Mtu wa Wete:

Umesema kweli kaka, na huku Pemba kwenye vilima ndiyo balaa zaidi, madereva wanavuta tela kwa gia ya tano mpaka gari inatetemeka. Ila mimi nna suali. Difu yangu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, oili imekuwa kama chai ya maziwa na sili ni nzima, hazivuji. Maji yanapitia wapi?

Dizeli Kongwe:

Yanavutwa, ami. Gari ikitoka safari ndefu difu ni la moto. Ukilirudisha moja kwa moja kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia kipumulio, kitundu cha hewa juu ya difu, au pembeni ya sili hata kama oili haivuji. Pumzisha gari kabla ya kuingia majini, na kipumulio kiunge mpira ukipandishe juu ya chesesi. Hiyo oili ya maziwa imwage leo, safisha, tia 80W-90 ya GL-5. Na krosi za propela shafti zipigwe grisi kila zikitoka baharini, mpaka ile ya zamani itoke.

Spana Kumi na Nne:

Mmesahau breki. Hilux nyingi zina valvu ya kupimia mzigo, ile yenye mkono juu ya ekseli ya nyuma. Chumvi ikiikamata, breki za nyuma hazipati nguvu hata ukibeba, na tela linakusukuma. Osheni kwa maji ya bomba, mkono ucheze.

Na tela lenyewe! Beringi zake hakuna anayezikumbuka mpaka gurudumu liipite gari barabarani. Inua kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza au likikwaruza, fungua, osha kwa dizeli, futa, jaza grisi ya baharini mpaka ndani ya roli, tia sili mpya. Kaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, kisha ilegeze kiasi cha moja ya sita ya mzunguko. Spliti pini mpya, si msumari.

Mtu wa Wete:

Msumari ndio uliomo.