Barua pepe za ofisi, kuingia programu ya hesabu ya Tally ukiwa tawini na ripoti za jioni: tuchukue ipi?

Mabati_na_Misumari
Wadau, habari za humu. Mimi ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, tuna matawi Geita na Shinyanga, wote tuko 14. Barua pepe zetu ziko kwenye hosting ileile ya tovuti, na proforma (ankara za bei) zinaangukia spamu. Wiki iliyopita mkandarasi alinipigia akiulizia proforma ya mabati niliyokuwa nimemtumia siku tatu nyuma. Alipoikuta kwenye spamu alikuwa keshanunua kwingine. Tally nayo iko kwenye kompyuta moja hapa makao makuu, matawi yanaingia kwa AnyDesk ya bure (programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali), Geita akiwemo Shinyanga anasubiri. Halafu mkurugenzi anataka mauzo ya kila tawi kila jioni, nami nabaki ofisini hadi saa mbili usiku nikihamisha namba kwenda Excel. Kijana wetu wa IT anasema tuweke seva yetu ya barua pepe hapahapa ofisini tuepuke ada. Naombeni mnilinganishie.

fundi_seva
Mkuu, nimeendesha Postfix na Dovecot (programu za seva ya barua) kwa miaka, ni bure na ni imara. Kwa hali yako bado nasema usiweke ofisini. Kinachokwamisha ni anwani ya IP, yaani namba ya laini yenu kwenye intaneti. Kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango namba 25, ambao seva hutumia kutumiana barua. Hata ukifunguliwa, IP lazima iwe na rekodi ya PTR (inayotaja jina la IP hiyo) inayolingana na jina la seva, na rekodi hiyo anaiweka mwenye IP, si wewe. Isitoshe, IP za laini za kawaida nyingi ziko kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus (shirika la kupambana na spamu) ya IP zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja, kwa hiyo barua yako inakataliwa mlangoni kabla haijasomwa.

Umeme ukikatika si balaa kubwa kama watu wanavyodhani, kwa sababu seva ya mtumaji huendelea kujaribu kwa siku kadhaa. Lakini nani ataamka usiku diski ikijaa?

Kabla hujalipa popote, fungua cPanel (paneli ya kuendeshea hosting), kuna ukurasa unaoonyesha kama SPF na DKIM, vithibitisho kuwa barua imetoka kwenu kweli, ziko sawa. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau moja ya hizo, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe nazo zote mbili pamoja na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa uthibitisho). Zikiwa sawa na bado unaangukia spamu, huenda mteja mwingine anayeshiriki nawe IP ya hosting anatuma takataka. Hapo hama.

Mama_Leja
Ukihama, ndugu yangu, usihesabu watu, hesabu masanduku. Muuzaji wa kaunta hahitaji sanduku la kulipia, na anwani ya mauzo inaweza kuwa jina la ziada kwenye sanduku lililopo bila ada. Kwa 14 wenu huenda mkalipia sita tu.

Kati ya huduma za barua pepe za kulipia, Google Workspace ni nyepesi kwenye simu. Microsoft 365 inawafaa wanaoishi ndani ya Excel, ila Business Basic inatoa Excel ya kwenye kivinjari na simu tu. Mkitaka ya kusakinisha, pandeni Business Standard. Zoho ni nafuu, lakini mpango wake wa bure hauna IMAP (njia ya kusomea barua kwenye programu nyingine), hivyo Outlook na Thunderbird hazitaunganika. Mimi ningechukua Workspace, maana mkurugenzi wako anasomea simuni.

Kitasa_cha_Chuma
Nije kwenye Tally, maana hapa ndipo watu wanapoumia. AnyDesk ya bure ni ya matumizi binafsi, kwa biashara mnatakiwa kulipia. Na msije mkafungua RDP (njia ya Windows ya kuingia kompyuta kwa mbali) kwa kuachia mlango 3389 wazi kwenye ruta. Ofisi moja niliyoitwa kuisaidia ilifanya hivyo. Jumatatu asubuhi faili zote za hesabu zilikuwa zimefungwa kwa nywila ya mwizi, na nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye mashine hiyohiyo. Nilimwona mhasibu wao akianza kupanga risiti za karatasi za miezi minane juu ya meza.

Tanguliza VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha matawi kupitia intaneti. WireGuard, aina mojawapo, ni nyepesi, hata bando dogo linaitosha. Lakini VPN isiwe ya kufungulia faili za Tally moja kwa moja kutoka Geita. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuharibika. Pita kwenye VPN, kisha RDP, Tally ibaki inafanya kazi Mwanza. Windows Pro inaruhusu mtu mmoja kwa wakati, na Home haipokei RDP kabisa. Mkiwa wengi ni Windows Server na leseni za RDS (za watu wengi kuingia kwa mbali pamoja), pamoja na Tally Gold, kwa kuwa Silver ni ya mtumiaji mmoja.

Mama_Leja
Kaka, seva na leseni zote hizo kwa matawi mawili? Tafuteni kompyuta mbili za mezani zenye Windows Pro, ziwekeni Mwanza kwenye mtandao wa ndani na Tally Gold. Geita aingie yake, Shinyanga yake. Gold wataihitaji vyovyote vile.

Kitasa_cha_Chuma
Dada, kwa matawi mawili nakubali. Wakifika matano tutarudi kwenye hoja yangu.

ripoti_saa_moja
Kuhusu ripoti, Power BI, zana ya Microsoft ya kuchora ripoti, ni nzuri kwa macho, lakini kwa akaunti za kawaida mtumaji na kila mpokeaji wanahitaji leseni ya Pro. Metabase, zana nyingine ya aina hiyo, ni bure na inatuma dashibodi kwa barua pepe, ila haisomi Tally moja kwa moja. Kwa maduka matatu sioni haja ya zote mbili. Tally inajibu maombi ya XML (muundo wa data wa programu kuwasiliana) kupitia mlango 9000. Andika skripti (programu ndogo) ya Python, Task Scheduler ya Windows iiamshe saa moja jioni, Tally ikiwa imefunguliwa na kampuni yenu imepakiwa. Namba zikae ndani ya barua yenyewe, si kiambatisho:

Mwanza: 4,310,000
Shinyanga: 1,875,000
Geita: hakuna ingizo tangu saa 9:40 alasiri

Mstari wa Geita uangalie sana. Skripti ya kwanza niliyoandika ingeweka sifuri hapo, na bosi angempigia meneja kumgombeza kwa kutouza, kumbe mtandao ndio ulikatika.

Mabati_na_Misumari
Ahsanteni sana. Nimefungua cPanel: DKIM haikuwa imewashwa kabisa. Nimeiwasha, proforma ya majaribio imeingia kikashani kwenye Gmail yangu. Hosting naipa mwezi mmoja. Kompyuta mbili naziombea fedha kesho. Swali: Geita wanatumia ruta ya laini ya simu, haina IP ya umma (inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti). WireGuard itakubali?

Kitasa_cha_Chuma
Geita hakuna shida, wao ndio wanaopiga hodi, yaani wanaoanzisha muunganisho. Anayetakiwa kuwa na IP ya umma ni Mwanza. Linganisha IP ya WAN (upande wa intaneti) iliyo kwenye ruta yenu na ile inayoonekana mtandaoni. Zikitofautiana, tumieni Tailscale, imejengwa juu ya WireGuard hiyohiyo na inapita bila IP ya umma. Ukishaangalia, niandikie hapa nikuelekeze mipangilio.