Makumbusho wamekatakata bahasha za marehemu baba

Wadau, nimeshindwa kunyamaza. Mwaka jana nilipeleka albamu mbili na boksi la bahasha za marehemu baba kwenye jumba moja la makumbusho hapa Nairobi, lenye chumba cha stempu na historia ya posta. Nilizitoa bure, nikasaini karatasi, nikarudi nyumbani nikijiona nimemfanyia mzee jambo la heshima.

Mzee alichambua barua enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Kampala. Stempu moja iliyoandikwa Kenya, Uganda, Tanzania ungeibandika Nairobi, Jinja au Dodoma na barua ikasafiri. Mwaka 1976 kila nchi ikaanza kutoa stempu zake, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Kwa hiyo barua ya rejista aliyotumiwa na mjomba kutoka Dar, yenye namba yake, muhuri wa kutokea mbele na wa kufikia nyuma, ni safari nzima imeandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana hakuiondoa stempu hata moja. Sisi watoto tukigusa boksi lile, kiboko.

Jumamosi nikaenda na binti yangu. Tukalipa. Bahasha hakuna! Stempu zipo, zimekatwa kwa mkasi na kupangwa kwenye manila kama kazi ya darasa la pili, kisha zikafungwa kwa selotepu. Selotepu, jamani! Gundi yake hugeuka manjano, ikishapenya kwenye karatasi hutaitoa bila kuiharibu stempu. Kuna mbili mkasi umepita juu ya meno kabisa, zile kingo za stempu zenye vitundu. Mihuri imebaki nusu: unasoma "DAR ES", tarehe imeenda na takataka.

Manila yenyewe wameitundika mkabala na dirisha la magharibi, jua la saa kumi linaipiga usoni. Hata muuza mitumba hufunika nguo zake.

Halafu maelezo. Chini ya stempu ya Mfalme George wa Sita wameandika "Stempu ya kwanza ya Kenya, 1890". George wa Sita alirithi kiti 1936! Mwaka 1890 alikuwepo Malkia Victoria, na stempu za kwanza za huku zilikuwa za Uingereza, zimepigwa chapa ya kampuni iliyokuwa ikitawala pwani na bara. Na hii waliyoibandika imeandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika, herufi zinasomeka bila miwani. Binti yangu wa miaka 12 ndiye aliyeliona kosa kwanza.

Nikamuuliza dada wa mapokezi bahasha ziko wapi. "Mzee, zilikuwa zimechakaa, tukaona tubaki na stempu." Tukaona! Nani aliona? Bosi yuko mkutanoni, nirudi Jumanne. Jumanne nikarudi, bosi ametoka, ila nimeachiwa ujumbe kwamba nikishatoa mchango si wangu tena.

Sawa, si wangu. Lakini kama kuna mkusanyaji hapa amewapa vitu vyake, aende akaviangalie wiki hii, asingoje. Na nyinyi wa makumbusho, najua mnasoma: sitaki kiingilio mnirudishie. Nataka karatasi mlizozikata. Kama mlizitupa, niambieni lilikuwa pipa lipi na lilichukuliwa siku gani.