Tupeane uzoefu: uliomba msaada wa kiufundi mtandaoni ukaishia kudharauliwa au kutoeleweka

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu leo nimeona niuweke tu. Wale mliowahi kuuliza swali la kompyuta, simu, kodi (maandishi ya programu, si kodi ya serikali) au seva mtandaoni mkaishia kujibiwa kwa dharau, naomba mtusimulie, na nyie mnaojibu maswali karibuni pia maana najua na nyie yanawakuta.

Naanza mimi. Laptopu yangu ina Linux, usiku nikafanya apdeti, kuwasha asubuhi waifai haipo kabisa, hata alama yake imepotea pale juu. Nikaingia kwenye grupu kwa simu nikaandika "waifai imekufa baada ya apdeti, nimejaribu kila kitu". Jibu la kwanza: "Ungekuwa umejaribu kila kitu ingekuwa imepona." La pili ni zile herufi nne, RTFM, yaani kasome mwongozo na tusi likiwa humo humo ndani. Wa tatu ndo akanihurumia akasema andika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, halafu ulete inachokuonyesha. Sasa kwenye simu yangu ile l ndogo na namba 1 huwezi kuzitofautisha, mimi nikaandika 1spci, kompyuta ikasema hakuna amri kama hiyo, nikarudisha taarifa hivyo hivyo. Walinicheka mno. Mmoja akasema "kama kunakili herufi tano kunakushinda rudi Windows". Iliniuma, nikafuta swali lote nikatoka kwenye grupu.

Wiki nzima nikahangaika peke yangu. Kumbe chipu yangu ya waifai ni ya zile ambazo draiva yake (programu inayokiendesha kifaa) haiji na kernel, yaani kile kiini cha Linux, unaiweka mwenyewe, na apdeti ilileta kernel mpya wakati draiva imejengwa kwa ile ya zamani. Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikatumia intaneti yake, nikaweka hedazi (mafaili ya kujengea draiva) za kernel mpya, nikaijenga draiva upya, waifai ikarudi. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba swali nimeshalifuta, kwa hiyo mwenye shida kama yangu akitafuta hakuti kitu.

#2
Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza fomu kwenye mfumo ambao kila kitu kinaandikwa kwa herufi kubwa, nikazoea hivyo. Siku nimeuliza mtandaoni jinsi ya kurudisha faili nililofuta, herufi kubwa mwanzo mwisho, jibu likaja "acha kutupigia kelele". Nikashangaa kelele gani tena na mimi nimekaa kimya hapa. Baadaye nikaja kujua hiyo adabu ni ya zamani, imo hata kwenye RFC 1855 ya mwaka 1995, ule mwongozo wa ustaarabu wa mtandaoni, kwamba herufi kubwa tupu zinasomeka kama mtu anapaza sauti. Sawa, lakini mtu angeniambia kwa sentensi moja tu ningeelewa, badala yake wamenijadili mimi komenti thelathini, faili langu hakuna aliyeligusa.

#3
Mimi Kiingereza changu si kizuri, niliandika Kiswahili cha heshima kabisa "naomba mnisaidie" nikaitupia programu ya kutafsiri, kule ikatoka kama amri, kama vile mimi ni bosi wao wanatakiwa wanihudumie. Wakaniuliza unatulipa shilingi ngapi. Mpaka leo swali langu nikishaliweka kwenye lugha ya watu narudisha ile tafsiri kwenye Kiswahili nione imekuwaje ndo naposti.

#4
Naongea kama mtu wa upande wa pili, nimejibu maswali ya databesi kwa miaka na nakiri nimeumiza watu. Kuna jamaa alikuja na kosa la databesi kukataa kuandika, nikamwambia leta skrinshoti. Akaleta imekatwa, ule mstari wa kosa unaonekana nusu. Nikasema leta nzima, akaleta imekatwa tena. Mara ya tatu nikawaka, nikamwandikia mbele ya watu wote "unatuficha nini, unataka msaada au unatuchezea". Hakujibu. Usiku akanifuata inboksi, kwa upole, akaniambia anafanya kazi hospitali na kila anapopiga picha ya skrini majina ya wagonjwa yanaonekana pembeni, anaogopa. Niliishiwa maneno. Nikamwambia usipige picha, nakili ule mstari wa kosa peke yake kama maandishi, jina likiwemo weka xxx. Akaleta. Diski ilikuwa imejaa, asilimia 100, mafaili ya logi, yale yanayorekodi matukio ya mfumo, yamekula nafasi yote. Dakika tano tukamaliza, ila tusi langu lilisomwa na watu wengi na radhi nilimwomba inboksi, sikurudi kuiweka pale pale nilipomtukania. Nilipaswa kurudi.

Halafu nilikuwa najiambia ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya, si unaona Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alivyokuwa anawaka kwenye barua pepe za kernel, lakini hata yeye Septemba 2018 aliomba radhi hadharani akapumzika kwa muda.

#5
Mimi kosa lilikuwa langu. Niliuliza nawezaje kuizima na kuiwasha programu kwenye seva kila usiku yenyewe. Watu wakauliza kwa nini unataka hivyo. Mimi hiyo "kwa nini" niliisikia kama napekuliwa, nikajibu "jibuni swali kama hamjui kaeni kimya". Kumbe walishahisi programu inakula memori bila kuirudisha, na ndivyo ilivyokuwa. Ukiwa umechoka saa nane za usiku kila swali unaona ni kejeli jamani.

#6
Mimi sina cha kusamehe. Niliuliza namna ya kupunguza mafaili, mtu akanipa amri ya kufuta, rm -rf ~, akasema inasafisha takataka. Ikafuta folda yangu yote ya nyumbani, kazi ya miezi. rm siku hizi ukiielekeza kwenye mzizi wa mfumo, yaani /, inagoma mpaka uilazimishe, lakini folda yako mwenyewe haikuulizi. Alichekelea akaondoka. Huyo si mkali wala hakunielewa vibaya, alijua anachofanya, naomba tusimweke kapu moja na hao wengine.

#1
Pole sana #6, ni kweli kabisa huo ni unyama. #4 asante kwa kusema wazi. Mimi nimerudi kule jana nikaandika swali upya na jibu lake chini, kila hatua, ili likae.

#4
Umefanya la maana mkuu. Mimi tangu nisome posti yako ya kwanza amri naziweka kwenye boksi la kodi ili mtu anakili tu asiandike kwa mkono, na pale penye l naongeza chini: hiyo ni herufi, l ya "leo", si namba moja.