Mjadala: Je, majengo yetu ya umma yafuate mfano wa kichuguu cha mchwa?

Kila unapozuka ubishi kuhusu maghorofa ya vioo yanayotegemea viyoyozi kutwa nzima, hutokea mtu akawataja mchwa: kwamba wanaishi kwa malaki ndani ya kichuguu kimoja chenye hewa safi na joto lisilobadilika, bila umeme wowote, na kwa hiyo nasi tujenge kama wao. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba kichuguu kinatufundisha hata namna ya kuishi, yaani kuzipanga familia nyingi chini ya paa moja kwa gharama ndogo. Sehemu ya kwanza ya hoja hii naiunga mkono kwa masharti. Sehemu ya pili naipinga kabisa.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mzimbabwe Mick Pearce kwa kushirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup. Ni majengo mawili marefu ya ghorofa tisa yanayotazamana, na katikati yao kuna ua mpana ulioezekwa kwa kioo. Mchana zege na matofali yake mazito hulifyonza joto la watu, mashine na jua. Usiku feni husukuma hewa baridi kwa wingi kupitia mianya iliyo chini ya sakafu, ikalichukua joto hilo na kulitoa kwa mabomba ya moshi yaliyo juu ya paa. Madirisha ni madogo na yamekingwa jua. Jengo hili halikuwekewa mfumo wa kawaida wa viyoyozi, na wapangaji wamefanya kazi humo kwa zaidi ya robo karne. Anayesema kwamba ofisi ya kisasa haiwezekani bila kuta za kioo na kiyoyozi ana wajibu wa kulieleza jengo hilo.

Hata hivyo, tusiwasingizie mchwa. Dhana iliyomwongoza Pearce ilitokana na maelezo ya Mswisi Martin Lüscher, aliyeandika mwaka 1961 kwamba joto la mchwa wenyewe hupandisha hewa juu ya kichuguu, kisha hewa hiyo hupoa na kushuka kandokando. Baadaye Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu vya Namibia, walieleza mwaka 2008 kwamba mambo hayaendi hivyo: joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, likipanda na kushuka kwa majira, na upepo wa nje, unaovuma na kutulia, ndio wenye kazi kubwa ya kuichanganya hewa. Kichuguu hufanya kazi kama pafu kuliko kiyoyozi. Eastgate basi ni jengo zuri lililozaliwa na maelezo ambayo hayakuwa kamili, na uzuri wake tuupime kwa jengo lenyewe.

Hapa ndipo masharti yangu yanapoingia. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa vya kutosha kulitoa joto la mchana. Nairobi inafanana nayo, na Dodoma, ambako majengo ya serikali yanaendelea kujengwa, ina ukavu na usiku wenye ubaridi unaofaa. Dar es Salaam na Mombasa ni habari nyingine: usiku wa Februari katika pwani hiyo ni wa joto na unyevu, na zege zito lisilopata ubaridi wa usiku litawapikia watu hewa hadi asubuhi. Pwani ina elimu yake, inayoonekana Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar: vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli, ua wa ndani, dari za juu, na madirisha yanayopokea upepo wa kusi na kaskazi. Kuiacha elimu hiyo ili kuiga kichuguu ni kosa lile lile la kuiga vioo.

Kuhusu makazi ya pamoja, wanaotoa hoja hiyo wamekielewa vibaya kichuguu chenyewe. Mnara tunaouona juu ya ardhi kwa sehemu kubwa hauna wakazi. Mchwa, malkia wao na bustani za kuvu wanazozilisha wako chini, na kazi yote ile ya udongo imefanywa ili wakazi hao wapumue. Mchwa hutumia nguvu nyingi mno kujenga nafasi wasiyoishi ndani yake. Anayekitumia kichuguu kutetea vyumba finyu visivyo na dirisha la pili, katika nyumba za kupanga ambamo familia hulala, hupika na kuugua katika chumba kimoja, anaunyima mfano wake jambo lile lile linalouwezesha kufanya kazi.

Ninaomba wasanifu na wahandisi walio humu wajibu hoja moja kwanza: jengo la umma la Dodoma linalojengwa leo kwa kuta za kioo, ni nani aliyekokotoa gharama ya umeme wake kwa miaka thelathini ijayo kabla mkataba haujasainiwa, na kwa nini hesabu hiyo haiwekwi hadharani pamoja na bei ya ujenzi?