Florida State (FSU) walishinda mechi 13 kati ya 13 msimu wa 2023 na bado wakanyimwa nafasi ya kuwania ubingwa wa taifa. Acheni kutumia 63-3 kuhalalisha dhuluma

Wakuu, nimevumilia tangu Desemba 3, 2023, siku kamati ya kuchagua timu ilipowaacha nje FSU, lakini sasa imetosha. Kila ninapogusa habari za futiboli ya Kimarekani ya vyuo nakuta mtu ameandika "Georgia kawapiga 63-3, kamati ilikuwa sahihi." Hapana. Kamati haikuwa sahihi, na mechi ile ya Orange Bowl ya Desemba 30, mechi ya baada ya msimu isiyo ya ubingwa, haithibitishi chochote. Naweka uzi huu ili tumalizane.

Kwa asiyefuatilia: futiboli ya vyuo haina jedwali moja la ligi linalomtoa bingwa. Wakati ule kamati ya watu 13 ilijifungia hotelini Grapevine, Texas, na mwisho wa msimu ikataja timu nne za kucheza nusu fainali. Utaratibu huo wa timu nne ulianza 2014 na uliishia msimu wa 2023. Katika miaka yote hiyo, hakuna bingwa wa moja ya ligi zilizokuwa kubwa tano aliyemaliza bila kufungwa akaachwa nje. Hakuna hata mmoja, hadi walipofika FSU, vijana wa mji wa Tallahassee, mwaka 2023.

Angalieni walichofanya. Waliwafunga LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 45-24 Orlando mwanzoni mwa Septemba. Wakaenda kwa Clemson, uwanja unaoitwa Bonde la Mauti, wakashinda 31-24 muda wa nyongeza. Na hii ni timu iliyomaliza 3-6 (ushindi 3, vipigo 6) mwaka 2020, mwaka wa kwanza wa kocha Mike Norvell, na mwaka uliofuata ikafungwa nyumbani na Jacksonville State kwa pasi ya mwisho kabisa ya mechi. Kutoka kwenye shimo hilo hadi 13-0! Hiyo ni kazi ya miaka minne.

Halafu ikaja Novemba 18. Jordan Travis, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), nahodha wa moyo wa timu ile, alivunjika mguu robo ya kwanza dhidi ya North Alabama. Wenzake walitoka benchi wakamzunguka uwanjani wakati anafungwa mguu na kupakiwa kwenye kigari. Siku hiyo walikuwa nyuma kwa pointi 13-0. Unajua walimaliza vipi? 58-13. Wiki iliyofuata wakaenda Gainesville, kwa mahasimu wao Florida, wakashinda 24-15 na kwotabeki wa pili, Tate Rodemaker. Naye akapata mtikisiko wa ubongo. Fainali ya ACC, ligi yao, dhidi ya Louisville, Desemba 2, wakamwanzisha Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo watetezi wa kamati wanapopenda kusimama. Wanasema mashambulizi yalikuwa mabovu. Ni kweli, Glenn alipata yadi 55 tu za pasi. Lakini mbona hawasemi safu ya ulinzi iliifanya nini Louisville? Pointi sita! Jared Verse, Braden Fiske na wenzao hawakumpa yule kwotabeki wa Louisville nafasi ya kupumua. Na pasi ziliposhindikana, Lawrance Toafili alichukua mpira akakimbia yadi 73, muda mfupi baadaye akaingia nao mwenyewe kwenye eneo la kufungia. 16-6, bingwa. Timu inayoshinda fainali kwa kwotabeki wa tatu ni timu dhaifu kwa kipimo gani?

Tena jambo hili lilishatokea. Mwaka 2014 Ohio State waliingia fainali ya ligi yao na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones. Kamati ikawapa nafasi, na wakachukua ubingwa wa taifa. Najua mtasema wao waliipiga Wisconsin 59-0. Sawa, lakini wao walikuwa wameshafungwa mechi moja msimu ule. FSU hawakufungwa na mtu.

Sasa tumwangalie aliyepewa nafasi yao. Alabama walifungwa 34-24 na Texas, nyumbani kwao Tuscaloosa. Wiki iliyofuata wakahangaika na South Florida, 17-3. Mwishoni mwa Novemba walikuwa wanazikwa na Auburn, timu ambayo wiki moja kabla ilipigwa 31-10 nyumbani na New Mexico State. Jaribio la nne na la mwisho, zimebaki yadi 31, sekunde zinaisha, Jalen Milroe akarusha mpira kwenye kona na Isaiah Bond akaudaka. 27-24. Pasi ile ikianguka chini, leo hatuna mjadala huu. Ndiyo, waliifunga Georgia kwenye fainali ya SEC, ligi yao, naheshimu hilo. Lakini ukiiingiza Alabama lazima uiingize Texas iliyowafunga, na ukishaziingiza zote mbili, wa kutolewa ni yule asiyefungwa. Na tangu 2014 hadi wakati huo hakuna mwaka SEC ilikosa mwakilishi. Watu 13 walikataa kuwa wa kwanza kuiacha.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alisema FSU bila Travis si timu ile ile. Yaani waliadhibu timu kwa mechi ambayo haijachezwa! Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone kuwa timu ni zaidi ya kwotabeki. Kijana mwenye mguu uliovunjika anaomba radhi kwa wenzake kwa kuumia. Mimi hilo limeniuma kuliko matokeo yote.

Na hiyo 63-3 yenu: zaidi ya wachezaji 20 wa FSU hawakucheza. Wengine walikuwa wanalinda miili yao kwa ajili ya NFL, ligi ya kulipwa, wengine walikuwa wameamua kuhama chuo, Rodemaker akiwemo. Kwa nini wabaki? Walichokipigania kiliondolewa mezani na watu waliovaa suti. Georgia haikuifunga timu ya 13-0, timu ile ilivunjwa Desemba 3. Na Alabama wenu waliishia wapi? Januari 1, 2024 walitolewa na Michigan, 27-20.

Msinifariji kwamba kuanzia msimu wa 2024 ziliingia timu 12. Travis, Verse na Fiske hawakuwepo kucheza hiyo michuano.

Anayetetea kamati aje hapa, asilete matusi, ajibu swali moja tu: FSU walitakiwa wafanye nini zaidi? Walipangiwa mechi 13. Walishinda 13.